Tovuti Iliyofunguka Ng'ambo Tu

Mimi sikusoma. Nilitolewa skuli nimlee mdogo wangu Muhiddin, mama apate kwenda sokoni. Muhiddin akasoma, leo anakaa Mbweni, kwa wenye nazo. Mama alipougua, mimi ndiye niliyemgeuza kitandani hadi akafa, katika nyumba yake ya mtaa wa Kiponda. Matanga hayajaanuliwa, Muhiddin akataka nyumba auziwe mwenye hoteli mmoja.

"Nami nikakae wapi?"

"Tia wageni wa kulipa basi, dada, tuone," akacheka. "Musimu wa watalii ukiisha vyumba vitupu, mwenye hoteli nampa funguo."

Nikamwendea Wakil, fundi wa kompyuta wa Ng'ambo, mtaa wa hapa hapa mjini, akanitengenezea tovuti yenye picha za vyumba vyote. Dukani kwake ilifunguka papo hapo. Kwa jirani zangu pia. Nikaituma kwenye kundi la ukoo, lile la kupeana habari za misiba na harusi, wakaipata walioko Maskati, Kanada na Denmark. Wote wakajibu: "Mashaallah, nzuri!"

Nikatandika vitanda, nikafukiza udi. Musimu ukasonga, hakuja mtu.

"Wazungu hawaitaki nyumba ya mama," Muhiddin akanambia. Nikaanza kumwamini. Nikawa nachungulia simu hata juu ya msala nikisali, Mungu anisamehe.

Mwisho nikampigia Riyama, binti wa mama mdogo, aliyeko Denmark. Huyo hajui kuficha neno.

"Riyama, kweli tovuti yangu nzuri?"

"Sijaiona."

"Si ulisema mashaallah?"

"Kila mtu kasema mashaallah, mie niseme nini? Hapa ukurasa mweupe kama sanda. Chai nshamaliza, bado unazunguka tu. Mgeni gani atangoja hivyo?"

Nikawapigia na wengine. Wa Maskati alingoja kidogo, wa Kanada hakuona kitu. Walinisifu wasinivunje moyo. Heshima yao ndiyo iliyonizika.

"Picha zako nzito, bibie," Wakil akasema, "na zote zimo kwenye mashine hii hapa dukani. Sisi tuko karibu nayo. Wa mbali anangoja mpaka zimfikie."

"Na hukulijua hilo?"

"Nilijaribia hapa hapa."

Hapa hapa! Kama kwamba wageni wangu wanatoka sokoni Darajani.

Akazipunguza picha, akaihamishia tovuti kwenye mashine za nje, zinazoweka nakala karibu na wageni waliko. Riyama akapiga kelele kwenye simu: "Imefunguka hata sijatia sukari!"

Haukupita muda, likaja ombi la kwanza: mke na mume, wanataka chumba cha roshani. Nikaanza kuandika "Karibuni", herufi moja moja. Chini nikasikia mlango. Muhiddin kaingia na mtu wa yule mwenye hoteli, ana futi, wanapima ukumbi.

"Dada, musimu umekwisha!"

"Nna wageni!"

"Wanakuja lini?"

Nikatazama simu. Walikuwa wanaulizia musimu ujao.

Nikaituma ile "Karibuni" vivyo hivyo. Kisha nikakaa kwenye kitanda nilichokitandika, funguo nimezikamata kwa mikono miwili, nikawasikiliza wakipanda ngazi.