Mstari wa Chokaa wa Rawinji

Joram Wasike hakufukuzwa kazi. Alihamishwa, na kati ya kufukuzwa na kuhamishwa pana tofauti ambayo mtu yeyote aliyewahi kuajiriwa anaijua. Na binti yetu Nelima hakuacha shule kwa sababu ya mimba. Haya mawili nayasema mwanzoni kwa kuwa ndiyo yanayosemwa sokoni Kondele na hata kwenye uwanja wa kanisa letu, na wanaoyasema ni watu waliokunywa chai nyumbani kwangu.

Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Lakini mwezi uliopita Lornah, mwenzangu katika umoja wa akina mama, alinishika mkono baada ya ibada akaniambia, "Pole, Mama Nelima. Sisi yale ya marehemu tulishasamehe." Sikumuuliza walisamehe nini. Nilirudi nyumbani, nikavua kofia, nikakaa mezani kuandika.

Mume wangu alizaliwa karibu na Kimilili, katika nyumba ya watu wa kulima na kusali. Alisoma misheni, akasomea ualimu, na baada ya uhuru akaletwa Kisumu. Tulipooana, miaka kadhaa kabla ya uhuru, mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, jambo ambalo wasichana wachache sana wa kwetu walikuwa wamelifanya, nami Kisumu nilifundisha Kiingereza katika shule moja ya Milimani walikosoma watoto wa maofisa. Joram hakunionea wivu kwa hilo hata siku moja. Akinunua gazeti alinipa mimi nianze kulisoma.

Mwaka 1966 alipewa shule ya msingi ya Rawinji, upande wa Nyamasaria, awe mwalimu mkuu. Shule ilikuwa madarasa machache ya udongo yaliyoezekwa mabati, kwenye ile ardhi nyeusi inayonata kama uji wa muhogo. Masika yakianza, watoto walifika na matope mpaka magotini, na malori ya miwa yakikwama barabarani darasa zima lilitoka kwenda kutazama. Joram alijenga vyoo kabla ya kujenga ofisi yake. Alipata madawati kwa kuwasumbua watu wa baraza la mji mpaka wakawa wakimwona wanajificha.

Wakaguzi walipokuja walitazama maua na mawe yaliyopakwa chokaa, wakasikiliza watoto wakiimba, wakaandika kwamba shule ni safi. Wazazi nao walitazama matokeo ya darasa la saba. Joram alikuwa na njia yake. Jioni akinunua omena, dagaa wa ziwani, kwa Dorca, mama aliyeuza samaki karibu na daraja, aliihifadhi ile karatasi ya gazeti aliyofungiwa. Asubuhi aliingia nayo darasani, bado inanuka, akampa mtoto yeyote.

"Soma."

Kitabu cha darasa watoto walikuwa wamekikariri chote, hata wangekisoma wakiwa wamefumba macho. Karatasi ya omena hakuna aliyeikariri. Siku moja mtoto wa darasa la tatu alisoma tangazo la sabuni mpaka pale karatasi ilipochanika, akainua uso. "Mwalimu, mwisho umeliwa na samaki." Joram alilisimulia hilo kwa miaka mingi, na kila mara alicheka kabla hajafika mwisho.

Nelima, kifungua mimba wetu, alisoma Rawinji. Mimi nilitaka asome Milimani, tuondoke pamoja asubuhi na kurudi pamoja jioni. Watu walitucheka waziwazi: mama yuko Milimani anafundisha watoto wa wenyewe, wake yuko Nyamasaria anakanyaga tope. Nilimwambia Joram.

"Mwalimu mkuu akimpeleka mtoto wake kwingine," alisema, "watu hawatangoja matokeo, Mama Nelima. Watakuwa wameshaipima shule yangu."

"Kwa hiyo mtoto ndiye kipimo?"

"Mtoto ni mwanafunzi kama wengine."

Na kusema kweli alisoma vizuri. Karatasi za omena ndizo zilikuwa starehe yake. Alizisoma akiwa amejiegemeza mlangoni, habari za mazishi na bei za ng'ombe na mechi za mpira, na asipoona mwisho wa habari alijitungia wake. Hesabu ndiyo ilimshinda. Mbele ya hesabu alikaa kimya kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu.

Mwaka 1972 matokeo ya Rawinji yalikuwa mabaya. Kamati ya shule ikakutana darasani, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto. Mwenyekiti alikuwa Mzee Ogola, mwenye mashine ya kusaga unga. Mimi nilikuwepo kwa kuwa niliombwa kuandaa chai, kwa hiyo nasema nilichosikia.

"Mwalimu," alisema Ogola, "mimi nikisaga mahindi pamoja na kokoto, nani atarudi kwenye mashine yangu?"

"Hakuna, Mzee."

"Basi. Chambua kwanza. Wale wazito wa darasa la sita wasipande. Wabaki hapo hapo. Watakaofanya mtihani wawe wale wanaojua."

"Mahindi hayana mama anayengoja nyumbani, Mzee."

Watu walicheka, na Ogola akacheka nao. Kisha akafuta kicheko usoni. "Wazazi wameanza kuhamisha watoto. Wakiisha, utamfundisha nani? Hayo mabati tunayochanga ya darasa jipya, tutamwezekea nani? Shule nyingine zote mjini zinafanya hivyo. Wewe peke yako ndiye unayeona haya."

Joram alibishana mpaka chai ikapoa. Mwishoni alikubali, kwa mwaka mmoja tu, na kamati ikaweka alama ambayo asiyeifikia hapandi darasa la saba.

Mtihani wa darasa la sita ulisahihishwa na walimu wa shule jirani, ili pasiwe na maneno. Watoto wawili waliikaribia alama ile bila kuifikia, wote wawili sawa. Mmoja alikuwa Amolo, binti wa Dorca muuza omena. Wa pili alikuwa Nelima.

Jioni hiyo Joram hakula. Nilimwambia jambo ambalo mama yeyote angemwambia.

"Wapandishe wote wawili. Alama yenyewe mmeiweka nyinyi, haikutoka mbinguni."

"Nikiwapandisha, watasema nimemburuta Amolo ili nimfunike mwanangu."

"Wacha waseme."

"Na wale wengine waliobaki chini kidogo? Nitawaambia nini mama zao?"

"Kwa hiyo utamwadhibu mwanao ili watu wasiseme?"

Alitoka akaenda kukaa kwenye ngazi ya nyuma. Nilimsikia akimwita Nelima, nikasikia sauti yake ikinong'ona kwa muda mrefu, lakini sauti ya mtoto sikuisikia kabisa.

Siku ya kufunga shule mwezi wa Desemba, Rawinji ilikuwa na desturi yake. Wazazi walikuja wamevaa vizuri. Mstari wa chokaa ulichorwa katikati ya uwanja, kila darasa likasimama upande mmoja, na mwalimu mkuu akasoma majina kuanzia nambari ya kwanza. Aliyetajwa alivuka chokaa akaenda kusimama mahali pa darasa la juu, na mama yake akapiga kigelegele. Miaka mingine waliobaki nyuma walikuwa wachache, watoto waliougua au waliohama katikati ya mwaka. Watu waliwatazama kwa huruma wakasahau.

Mwaka ule Joram alisoma majina ya darasa la sita kwa sauti ile ile ya siku zote. Watoto walivuka, vigelegele vikapanda. Kisha akaikunja karatasi. Kundi zima lilikuwa bado limesimama upande ule mwingine, na mbele yao Nelima, mrefu kuliko wote, soksi zake nyeupe nilizozifua mwenyewe. Alitazama ile chokaa kama mtu anayetazama mto unaofurika. Amolo alikuwa kando yake. Halafu mama mmoja akasema, si kwa sauti ya chini, "Hata wake mwenyewe amemwacha. Basi haki imetendeka." Watu wakaitikia. Joram alipita katikati ya watoto akaenda ofisini, akaufunga mlango.

Leo wapo hata wanaosema kwamba alimpendelea binti yake, na walikuwa pale uwanjani. Nawajua kwa majina.

Joram alipokwenda kununua omena baada ya Krismasi, Dorca alimpimia kama kawaida, akammiminia moja kwa moja kwenye kikapu, bila karatasi. Ndivyo ilivyokuwa tangu siku hiyo. Joram alirudi nyumbani, omena wametapakaa kikapuni, akakaa akiwaokota mmoja mmoja kuwatia kwenye sahani, asikubali nimsaidie.

Januari Nelima alirudi darasa la sita, akaketi na watoto waliomfikia begani. Wakambandika jina: Mama wa Darasa. Walimwomba ruhusa ya kwenda chooni. Wakimwona mama mjamzito njiani walimwuliza, "Mama wa Darasa, huyo ni mwenzako?" Mzaha wa watoto. Na hapo, nadhani, ndipo watu wazima walipouokota uvumi wao. Hakulia. Aliacha kwanza kusoma zile karatasi za zamani zilizobaki nyumbani. Kisha akaacha kuzungumza mezani. Kabla ya Pasaka alikuwa akitoka nyumbani na sare, lakini hafiki shuleni. Alionekana ameketi darajani karibu na Dorca na Amolo, kwa kuwa Amolo naye hakurudi shule. Sasa alikuwa akimsaidia mama yake kuanika na kuuza. Baadaye Amolo aliozwa huko Seme, angali msichana mdogo.

Nelima nilimpeleka kwa dada yangu kule Turbo, kwa sababu alikuwa haongei. Hiyo ndiyo sababu, na hakuna nyingine. Anayetaka kuhesabu miezi na ahesabu, atachoka.

Matokeo ya mwaka huo yaliipandisha Rawinji karibu na kileleni mwa shule za mji. Mbuzi walichinjwa. Mzee Ogola alisema shule yetu sasa ni dhahabu, na wazazi kutoka Kondele walikuwa wameshafika kuulizia nafasi. Walipomwita Joram aseme, alisimama akasema, "Nawashukuru walimu. Watoto tuliowaacha siwaoni hapa," akaketi. Watu walidhani hajamaliza. Wakangoja, kisha wakaanza kula. Ule mwaka mmoja ukawa miwili.

Mwaka 1974 serikali iliondoa karo kwa madarasa ya chini, na watoto wakaja kama siafu, wengine wakisomea chini ya dirisha nje, kwa kuwa sifa ya Rawinji ilikuwa imefika mbali. Desemba ilipofika, chokaa ikachorwa, wazazi wakajipanga. Joram alisimama mbele ya darasa la sita bila karatasi mkononi. Alisema, "Darasa la sita, vukeni." Walisitasita, wakitazamana. "Vukeni nyote," alisema tena. Wakavuka wote kwa kukimbia wakaifuta chokaa yote kwa miguu yao. Mama wengine walipiga vigelegele wakilia.

Mtihani wa mwaka uliofuata, Rawinji ilianguka. Ogola alikuja nyumbani kwangu na hakutaka kuketi.

"Mwalimu, umetusagia kokoto."

"Wote walifanya mtihani, Mzee. Hayo ndiyo matokeo ya shule yetu. Yale mengine yalikuwa ya nusu ya shule."

"Nani alikuomba ukweli?" alisema Ogola, na kwa sauti yake nilijua kwamba hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka. "Tulikuomba shule."

Kamati iliandika, wakubwa wakasikia, na mwanzoni mwa 1976 Joram akahamishiwa shule ndogo ng'ambo ya ghuba, upande wa Uyoma. Alihamishwa na cheo chake na mshahara wake. Mimi nilibaki mjini na wadogo wa Nelima. Likizo nilikwenda kumwona. Huko omena huanikwa mchangani na watu huwachota kwa bakuli, hakuna wa kuwafungia kwenye gazeti. Aliniomba nimletee magazeti ya zamani ili apate ya kuwasomesha watoto. Alikuwa amekonda. Mara moja, tukiwa tumeketi mbele ya nyumba yake ya bati, aliniuliza, "Alisema chochote?" Nilijua anamuulizia Nelima. Nikasema bado.

Homa ya matumbo ilimpata wakati wa mvua za 1977. Walimvusha ziwa kumleta hospitali Kisumu akiwa hajitambui. Hakunywa sumu na hakujitupa majini, kama wengine wanavyonong'ona. Nilikuwa nimeshika mkono wake alipokata roho.

Tulimzika kwao Kimilili. Watu wa Rawinji walikodi lori wakaja, nawashukuru kwa hilo. Dorca alikuja. Alinipa omena wakavu waliofungwa kwenye karatasi ya gazeti. Nelima alikuwa kando yangu, ametoka Turbo usiku uliotangulia. Aliipokea ile karatasi, akaikunjua pembe moja kama aliyetaka kusoma, akaikunja tena.

Kisha Mzee Ogola akapewa nafasi. Alisema marehemu aliifanya Rawinji kuwa shule. Alisema mwalimu huyu hakupendelea mtu, na akakumbusha ile siku ya chokaa, jinsi alivyomwacha hata binti yake mwenyewe mbele ya watu wote. "Huo ndio ubora wa shule," alisema, na watu wakaitikia kama walivyoitikia uwanjani. Nelima aliweka ile karatasi ya omena mapajani mwangu. Akasimama, akapita nyuma ya waombolezaji, akatokea langoni. Udongo ulikuwa haujatupwa kaburini. Watu walimwona akienda kuelekea barabara kubwa, na hakugeuka.

Ndiyo yote niliyotaka yajulikane. Watu wananiuliza Nelima alikwenda wapi siku ile, yuko wapi sasa, anafanya nini, ameolewa na nani. Nelima ni mzima. Zaidi ya hapo sisemi, na atakayeniuliza tena baada ya ibada, nitampita bila salamu.