Mama yangu na ubongo ulioshindwa kujisafisha

Wakuu, habari za humu. Naleta yaliyonikuta nyumbani Mponde, kule kwenye chai. Chumvi sijaongeza, yenyewe ni machungu ya kutosha.

Kwetu mlimani mtu wa kulala sana anaitwa mvivu. Mama alikuwa wa kwanza kuamka kijiji kizima, na wanawe tulikuwa tunajisifia hilo.

Baadaye usingizi ukamtoroka kabisa. Tukasema uzee.

Akaanza kusahau. Siku moja akachuma chai ya jirani akijua ni shamba letu. Shangazi akasema karogwa (huyo shangazi tumwache tu).

Nikampeleka hospitali. Daktari, dada mmoja mpole, akanieleza: "Ubongo una njia zake za kutoa taka, na inasemekana kazi hiyo hufanyika zaidi tukilala. Taka zikituama, ubongo unapata uvimbe wa ndani kwa ndani. Uvimbe nao unazidi kuharibu zile njia, na seli zinakufa taratibu."

Nikamuuliza, kwa hiyo kukesha ndiko kumemponza?

"Kaka, hata watafiti hawajajua kipi kinatangulia. Huenda ugonjwa huu wa kusahau ndio uliomnyima usingizi."

Dawa ya kumrudisha alivyokuwa, akasema haipo. Nililia pale pale kwenye benchi, mwanaume mzima. Nikamwomba Mungu kitu kimoja tu: asahau vyote, asinisahau mimi.

Mwezi uliopita nimefika nyumbani, kabla sijafungua mdomo mama akaniwahi:

"Shikamoo baba."

Kwangu alimwona babu, baba yake, ambaye tulishamzika zamani.

Wakuu, kwetu mzazi hamwamkii mwanaye. Ni mwiko. Nikamwambia, "Mama, ni mimi mwanao." Hakunisikia. Alibaki amepiga goti, machozi yanamlenga.

"Baba, umenikasirikia?"

Ningefanyaje?

"Marahaba, mwanangu."

Akacheka kwa furaha, akaenda kuniwekea maji ya kunawa. Mimi nikabaki nimesimama mlangoni na begi langu.

Nilichojifunza: mzee wako akianza kukosa usingizi na kusahau, usikimbilie kusema uzee au uchawi. Mpeleke hospitali mapema, hata kama ni kujua tu mnapambana na nini.

Mnaouguza wazazi wa hivi, mwageni uzoefu hapa. Wakiwaamkia, mnaitikia? Mimi sasa naitikia kila siku, na kila nikiitikia naona nimemzika mama yangu angali hai.