Mama Taulo na Shavu la Fundi

Asubuhi, kabla mlango wa mbele wa saluni haujafunguliwa, Mama Taulo anachovya taulo kwenye maji ya moto, analikamua huku vidole vikimwasha, kisha analitandaza usoni mwa mumewe na kuacha pua tu. "Pumua, mzee wangu," anamwambia, kana kwamba asipomkumbusha atasahau.

Mume huyo ndiye Fundi. Mtaa mzima haumjui kwa jina jingine. Amekaa kwenye kiti kilekile cha kuzunguka alichowanyolea watu tangu ujana wake, mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake. Kiharusi kilimpiga mwaka juzi, msimu wa mvua, kikaondoka na mkono huo, nguvu za mguu, na maneno yote. Kusikia anasikia. Kuelewa ndiyo usiseme: jaribu kumdanganya uone macho atakayokutolea.

Mama Taulo anapaka povu kwa burashi, anafungua wembe wa kukunja na kuupitisha kwenye mkanda wa ngozi uliofungwa kwenye kitasa cha mlango, kwenda na kurudi. Halafu anasimama nyuma ya kiti, wote wawili wakitazama kioo. Anaivuta ngozi ya shavu kwa kidole gumba, anaushusha wembe. Unasikika ukikwaruza taratibu, kama mtu anayefagia uani.

Anayemwona leo atadhani alizaliwa na wembe mkononi. Angemwona mwaka jana angetoka mbio.

Jina lake halikuja bure. Miaka yote ya ndoa yao, kazi yake hapo saluni ilikuwa kufua taulo, kuzianika, kuzikunja na kuzipanga. Wembe hakuugusa. "Nilikuwa naogopa hata kuufuta vumbi," anasema. "Mteja akitoka anang'aa, sifa ni za Fundi. Taulo chafu ndizo zangu." Anacheka anaposema hivyo, ingawa si mzaha wote.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Fundi alikuwa akiwabishia wahenga kila asubuhi. Alisimama mbele ya kioo kikubwa cha saluni akajinyoa mwenyewe kwa wembe uleule, bila tone la damu, na mkewe amekaa nyuma yake pembeni, kwenye stuli, na beseni la taulo miguuni. Yeye alikunja, mume akanyoa, na kioo kikawaonyesha mmoja kwa mwenzake.

Akimaliza, hakuwa na haja ya kujiangalia. Alikwenda pale kwenye beseni, akainama, akampa mkewe shavu.

"Nalipapasa kwa mgongo wa mkono," Mama Taulo anaeleza, na mkono wake unanyanyuka wenyewe. "Ananiuliza, 'Vipi?' Na mimi namwambia, 'Bado.'"

Uongo mtupu. Shavu lilikuwa laini hata inzi angeteleza. Lakini jibu lilikuwa hilo siku zote, na Fundi alishusha pumzi kama mtu aliyeonewa, akarudi kwenye kioo, akapitisha wembe mara moja pasipokuwa na hata unywele, akaja tena. Hapo ndipo alipopewa ruhusa ya kufungua mlango. Hata siku walizonuniana, na ndoa gani haina siku hizo, hilo ndilo lililokuwa neno lao la kwanza.

"Watu wananipa pole ya mkono, pole ya mguu," anasema Mama Taulo. "Nawashukuru. Lakini mimi ninachokililia ni lile shavu. Mtu yumo ndani, tunakula naye, tunalala naye, na bado ninamkumbuka kama aliyesafiri."

Aliporudi kutoka hospitali, ndevu zilikuwa zimemfunika. Binti yao mkubwa, mwenye huruma na haraka zake, alimletea baba yake mashine mpya ya umeme. Fundi alipoisikia ikilia sikioni aliisukuma kwa mkono wa kushoto mpaka ikaanguka chini. Alikuwa na ugomvi na mashine tangu zamani. Aliwaambia wateja kwamba hizo zinapunguza, hazinyoi.

Akaitwa Dogo. Huyu aliingia kwa Fundi akiwa mfagia nywele, akafunzwa kazi, na leo ndiye anayeshika kiti cha pili hapo saluni. Ana wajukuu wawili, mvi zimeanza, na bado anaitwa Dogo. Alikuja na heshima zote, wembe umenolewa vizuri, lakini Fundi alifunga macho na kukaza midomo mpaka mwanafunzi wake akarudi nyuma. Huenda aliona aibu. Hakuna anayejua, na wa kusema hawezi kusema.

Basi ikabaki zamu ya mfua taulo. Siku alipomwomba Dogo amfundishe, Dogo alimtazama, akamtazama tena, kisha akasema, "Mtoto akililia wembe, mpe." Akampa kweli, ila ulikuwa butu, pamoja na puto lililopakwa povu.

Saluni ikawa uwanja wa vita. Puto lilikuwa likipasuka, povu likiruka mpaka darini, na wateja wakijifanya hawajaona. Polepole mkono ukaelewa. Mgongo wa wembe ulale karibu na ngozi, usisimame. Usikandamize, uzito wake wenyewe unatosha. Vuta kidogo kidogo, na usiutelezeshe kwenda pembeni kama kisu cha mkate. Puto lilipoanza kubaki zima, Dogo alikaa kitini akatoa uso wake. Alitoka na mchubuko mmoja kidevuni, akautembeza siku nzima kwa wateja kama askari aliyerudi vitani.

Ndipo Mama Taulo akaenda kwa mumewe, na mumewe akamkubali. Akanyoosha shingo bila kulazimishwa. Mama Taulo anasema alikaribia kulia kabla hata hajaanza.

Lakini kunyoa kwenyewe, amesimama mbele yake uso kwa uso, kulikuwa mateso. Mashavu yalikwenda vizuri. Shida ilikuwa chini ya taya, ambapo wembe ulikwama, ukavuta, na Fundi akashika mkono wa kiti kwa nguvu zote za mkono wake mzima. Jioni shingo ilijaa vipele. Mkewe alinoa upya, akabadilisha sabuni, akaongeza maji ya moto. Kesho yake ilikuwa yaleyale.

Kilichomuumiza zaidi ni kwamba shingo hiyo aliijua kuliko yake. Fundi ana mahali chini ya taya ambapo ndevu zimeota kwa kuzunguka, kama maji yanavyozunguka yakiingia kwenye tundu. Akifika hapo alikuwa akigeuza wembe na kuupandisha juu. Mama Taulo alikuwa amemwona akifanya hivyo kila asubuhi ya ndoa yao, na sasa alifanya vilevile, upande uleule, bila kukosea. Kadiri alivyomfuata ndivyo alivyomuumiza.

Asubuhi moja Fundi aliliona beseni la maji ya moto likija, akageuza uso ukutani.

Mama Taulo aliurudisha wembe kwenye kasha lake. Binti yao akashauri baba aachwe na ndevu zake, mbona zinampendeza. "Zilimpendeza kweli," mama anakiri. "Ila hakuwa yeye. Na mimi niliwaza, mtu akishageukia ukuta, siku moja hatageuka tena. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, wala si ndevu."

Siku zikapita. Jumatatu moja, siku ambayo saluni haifunguliwi, Dogo alikuwa akipiga deki chumba cha ndani anamopumzikia Fundi, kwa hiyo walimleta Fundi mbele wakamkalisha kitini, kukitazama kioo. Mama Taulo naye akakaa kwenye stuli yake ya zamani, beseni miguuni, akaanza kukunja. Alipoinua macho akamwona mumewe kama alivyokuwa akimwona siku zote, kwa mgongo na kwa kioo. Ndevu zilikuwa zimeota kiasi cha kuonyesha njia zake. Pale chini ya taya, upande wa mkono wake wa kushoto, lile zunguko lilikuwa wazi.

Akainuka, taulo mkononi, akazunguka mpaka mbele ya kiti, pale alipokuwa akisimama kumnyoa. Akatazama shingo, upande wa mkono wake wa kushoto. Hapakuwa na zunguko. Lilikuwa upande wa mkono wa kulia.

Akarudi nyuma, likawa kushoto. Akaenda mbele, likawa kulia. Dogo aliyekuwa mlangoni na ndoo alidhani mama wa watu sasa amechanganyikiwa. Alipoelezwa aliweka ndoo chini.

"Mama," akasema, "muda wote huu ulikuwa unamnyoa mtu wa kwenye kioo."

Ndivyo ilivyokuwa. Ujuzi wake wote aliuokota kiooni, akaupeleka mbele ya uso wenyewe, ambako kushoto kwake ni kulia kwa mwingine. Upande uliolala vizuri aliupandisha kwa nguvu, na lile zunguko akalishusha kinyumenyume. Fundi, kinyozi wa maisha yake yote, alikaa ananyolewa kombo na hana mdomo wa kusema.

"Nilimuuliza, 'Ulijua?'" Mama Taulo anasimulia. "Akafumba macho taratibu, akafumbua. Mara nikaona mabega yanatikisika. Nikajua analia, nikapiga magoti. Kumbe anacheka."

Hakuwa amecheka tangu hospitali.

Tangu siku hiyo ananyoa akiwa nyuma ya kiti, macho kwenye kioo, na kila kitu kimekaa mahali pake. Vipele vimekwisha. Wazee waliokimbilia kwingine wameanza kurudi kufuata wembe, na siku nzuri wanakaa watatu au wanne kwenye kiti hicho Fundi akishatoka. Dereva mmoja mstaafu husinzia kabisa akinyolewa, na Dogo huwaambia watu kwamba yule amezimia kwa woga.

Hospitali wamemwambia Mama Taulo kwamba maneno yanaweza kurudi moja moja, au yasirudi. Hadai ahadi. Anasema wengine wanaomba miujiza mikubwa, yeye haombi hata sentensi.

"Neno moja tu," anasema. "Na analijua."

Asubuhi hii anamaliza upande wa kushoto, pale penye zunguko, akiupandisha wembe kwa mkono usiotetemeka. Anapitisha jiwe la shabu la kukaza ngozi, anafuta kwa taulo baridi. Kisha anafanya anachofanya kila siku tangu ile Jumatatu. Anakuja mbele ya kiti, anainama, anauliza, "Vipi?"

Siku nyingine zote Fundi humtazama tu. Leo mkono wa kushoto unanyanyuka kutoka kwenye kiti, polepole, unafika shavuni. Anajipapasa kwa mgongo wa mkono, juu mpaka chini. Midomo inakutana. Mama Taulo anasubiri, wembe haujakunjwa, amesahau hata kupumua.

Neno halitoki. Lakini Fundi anatikisa kichwa, huku na huku, kukataa, na ule upande wa mdomo ulio hai unapanda juu.

Mama Taulo anashusha pumzi kama mtu aliyeonewa. Anarudi nyuma ya kiti, anachovya burashi, na kuanza kupaka povu upya kwenye shavu lisilo na hata unywele mmoja.