Samaki Kumi na Mmoja

Kazi yangu ilikuwa kutapisha samaki. Watu wakicheka nawaacha wacheke, kwa sababu hata mimi siku ya kwanza nilicheka. Lakini ndiyo kazi niliyoifanya miaka minne mfululizo, kwenye banda la samaki wa mapambo pale ufukweni Kigoma, na mtu asiyelijua ziwa letu atadhani namtania.

Iko hivi. Ziwa lina samaki wadogo wenye rangi ambao hapa hawaliwi na mtu, maana ukikaanga hata kumi hawamshibishi paka. Nchi za mbali huko watu wanawafuga ndani ya masanduku ya vioo sebuleni na kukaa kuwatazama. Kila jabali lina rangi yake. Samaki wa majabali haya ana mkia wa njano, ukivuka ghuba moja unamkuta yuleyule ana mkia wa bluu, na hawachanganyiki. Wanunuzi wanayajua hayo kuliko sisi. Wanaagiza kwa jina la mahali, kama mtu anavyotaka mchele wa Kyela na si mwingine.

Sasa majike wa samaki hao hubeba watoto mdomoni. Anataga, anayaokota mayai, anayatia mdomoni, yanaanguliwa humohumo, na wiki zote hizo hali kitu. Jike wa namna hiyo hasafirishwi. Akishtuka ndani ya mfuko anatema watoto, watoto wanakufa, maji yanachafuka na wenzake wote wanakwenda na maji. Kwa hiyo lazima atapishwe kwanza. Unamshika kwa mkono uliolowa, unamfungua mdomo kwa ukucha wa kidole gumba, unamtikisa kidogo juu ya beseni, watoto wanadondoka. Kazi hiyo tulipewa wanawake. Msimamizi alisema tuna mikono miepesi. Wanaume walikuwa wazamiaji, na mmoja wao alikuwa mume wangu.

Mume wangu leo hatembei. Huu ni mwaka wa saba. Aliyesababisha ashuke majini ile mara ya mwisho ni mimi, na miaka yote hiyo sikumwambia. Nalisema mapema ili asije mtu akanihurumia halafu baadaye akajuta.

Walizamia kwa kompresa, ileile ya kujazia upepo matairi. Inakaa kwenye boti inanguruma, mpira mrefu unashuka, mzamiaji anauma ncha ya mpira kwa meno na kupumulia hapo. Zamani hata hiyo kompresa haikuhitajika, samaki walikuwa juujuu, mtu anawafikia kwa pumzi zake mwenyewe. Wakaisha. Oda zikazidi, na samaki wa kuzijaza wakawa wanapatikana chini zaidi kila mwaka. Tena kule milimani tumekata miti na kulima mihogo hadi ukingoni, mvua ikinyesha udongo mwekundu unateremka ziwani na kufunika mawe. Mume wangu alikuwa akisema huko chini siku hizi ni kama nyumba isiyofagiliwa.

Samaki wa kina kirefu hapandishwi haraka. Ukimleta juu kwa mkupuo mmoja tumbo linavimba, macho yanatoka nje, anakufa. Ndiyo maana waliwekwa kwenye mapipa yenye matundu, yakaachwa yananing'inia majini, leo yanavutwa kidogo, kesho kidogo, mpaka siku ya tatu yanafika juu. Mume wangu yeye alipanda kwa dakika chache. Hakuna aliyetuambia kwamba hata binadamu ana mambo hayohayo. Nilikuja kulielewa baada ya muda mrefu sana, na nilipolielewa sikulia. Nilikaa kitandani na kanga mkononi mpaka nikasahau nilikuwa nataka kuikunja.

Dalili tuliziona. Alikuwa akirudi nyumbani anasema miguu ina ganzi, mabega yanamuuma kama aliyebeba magunia. Wazamiaji wakubwa walikuwa na dawa mbili, kukandwa kwa mawese ya moto na kurudi majini. Ukirudi chini maumivu yanaondoka. Na kweli yalikuwa yanaondoka, hilo mwenyewe aliniapia. Kwa hiyo wote wakaamini kwamba maji ndiyo yanayoponya na nchi kavu ndiyo inayoumiza. Mimi nilimkanda kwa mawese ya mama yangu, anayeyakamua mwenyewe kule Mwandiga, nikaona wajibu wangu nimemaliza.

Mwaka huo nilikuwa na mimba ya mtoto wetu wa pili, miezi saba, na kazi ya kutapisha ikaanza kunishinda. Si harufu, harufu niliizoea. Ni kwamba jike ukishamfungua mdomo hapambani tena, anatulia tu. Halafu wale watoto wakishadondoka kwenye beseni wanazunguka wanatafuta mdomo wa kurudi, wanakifuata kidole chako wakidhani ndicho. Wenzangu waliniona nimesita, wakaanza. "Mimba imekufanya mlokole wewe," mmoja akaniambia. "Mwaka jana ulikuwa unatapisha huku unaimba." Ni kweli nilikuwa naimba.

Jumatatu moja yakaletwa mapipa ya oda kubwa. Jioni nilibaki peke yangu na majike kumi na mmoja wenye watoto mdomoni, wenzangu wakiwa wameshaondoka. Nilimshika wa kwanza. Mwanangu akanipiga teke tumboni, na hapo hapo nikamrudisha yule samaki kwenye maji. Sijui niliwaza nini, pengine sikuwaza. Niliwatia wote kumi na mmoja kwenye ndoo, nikatoka nao hadi gatini, nikaimimina ndoo ziwani. Palikuwa na mama mmoja anasugua sufuria na watoto wanaoga. Hakuna aliyeniuliza.

Nilijisikia vizuri. Niseme ukweli, ndiyo mara ya mwisho ninayoikumbuka ya kujisikia vizuri bila kitu kingine ndani yake. Nilijiambia banda zima hili, samaki wanakufa kila siku wanatupwa, kumi na mmoja ni nini. Nikaenda nyumbani Katubuka nikapika ugali, tukala, mume wangu akalala mapema kwa sababu boti yao ilikuwa inatoka alfajiri.

Kesho yake kabla ya adhuhuri msimamizi akahesabu. Mnunuzi alikuwa ametaja idadi, majike na madume, na ndege ilikuwa ya Ijumaa.

"Dada, majike hawajatimia," akasema. "Wengine wako wapi?"

"Walikufa. Nimewatupa."

Hakunigombeza. Angenigombeza labda ningemwambia. Alitoa simu akawapigia vijana wa boti, nikamsikia akisema wanahitajika majike kumi na mmoja, wa palepale, kina kilekile, na lazima waingie kwenye pipa leo ili Alhamisi wawe wamefika juu. Nilikuwa nimesimama naye karibu kiasi cha kusikia kompresa inanguruma upande wa pili wa simu. Nilijua nani yuko kwenye boti ile. Nilijua kwamba saa hizo ameshashuka mara mbili, na mara mbili ndiyo ilikuwa kawaida yao kwa siku. Ningeweza kusema neno moja. Sikusema, kwa sababu ningefukuzwa kazi, na mwanamke mwenye mimba ya miezi saba hakuna wa kumwajiri. Hiyo ndiyo sababu yote, hata nikiitafutia nyingine siioni. Nikachukua beseni langu nikaenda kuliosha.

Yaliyofuata nilisimuliwa na vijana wenzake. Alileta kumi na mmoja kamili. Aliwatia kwenye pipa, akapanda, akakaa kwenye ukingo wa boti akasema miguu imelala. Wakamrudisha majini kama walivyozoea. Huko chini akawaonyesha ishara kwamba amepata nafuu, wakamwacha hapo kwa muda, wakamvuta. Walipofika gatini alijaribu kusimama akashindwa. Walimleta kwa turubai, watu wanne. Aliponiona alikuwa anatabasamu, nadhani ni aibu. "Mama watoto, usihofu," akasema. "Kesho nikirudi majini itaachia."

Hospitali daktari alituketisha akatueleza taratibu. Kuna chumba maalumu cha kumtibu mtu wa namna ile, lakini kiko mbali sana na kwetu, na saa zilikuwa zimeshapita nyingi. Mama yangu alikuwa nyuma yangu, akanishika bega, akasema kwa Kiha "mwana wanje", mwanangu, basi. Nilimsikia kama anazungumza na mtu wa chumba cha pili. Tangu siku ile mambo mengi nayasikia hivyo.

Alhamisi nilikwenda kazini. Mapipa yalikuwa yamefika, samaki wamepanda salama, hakuna hata mmoja aliyevimba tumbo. Wale kumi na mmoja walikuwemo. Niliwafunga mwenyewe kwenye mifuko, nikatia maji, hewa, nikafunga mpira, nikawapanga kwenye yale maboksi meupe yanayotunza baridi. Ijumaa wakaruka.

Kazini walituletea mchele na sukari mara moja. Mume wangu alikuwa kibarua, hakuwa na mkataba wa aina yoyote, na mnunuzi hakuna aliyewahi kumwona kwa macho, hata msimamizi mwenyewe. Baada ya miaka miwili oda zikapungua mpaka zikakatika. Msimamizi alitueleza bila hasira kwamba wanunuzi sasa wanawazalisha wenyewe hukohuko, mikia ya njano ileile, na bado wanawauza kwa jina la majabali yetu. Hawatuhitaji tena. Banda likafungwa. Kwenye matangi tuliyotapishia samaki, mtu anafuga bata. Yule aliyeniita mlokole anaanika dagaa, mwingine alirudi shambani, mimi nakaanga maandazi. Binti yetu mkubwa ndiye anayemnyanyua baba yake asubuhi tunaposaidiana kumwogesha, na kila siku anafika shule amechelewa. Walimu wameshazoea, na mimi pia nimezoea, jambo ambalo mama mzazi hakupaswa kulizoea.

Mwezi uliopita, mchana, nilikuwa namwosha miguu. Mdogo yuko shule, yule wa ile mimba. Mume wangu akawa ananitazama, akasema, "Mwingine angeshaondoka. Mimi najua watu wanavyokuambia. Wewe una moyo mzuri."

Kuna maneno mtu anaweza kuyavumilia, lile halikuwa mojawapo. Nikamwambia. Sikupamba na sikulia. Nilimwambia kuhusu majike na ndoo, kuhusu simu niliyoisikia nikanyamaza, na kwamba mara ya tatu alishuka kuwarudisha samaki niliowaachia kwa mkono wangu. Wakati naongea niliendelea kuusugua mguu wake, maana nisingejua mikono niiweke wapi. Nikangoja anitukane. Nilitamani anitukane.

Maji kwenye beseni yakapoa.

"Uliwamwaga wapi?" akauliza.

"Pale gatini."

"Pale ni mchanga mtupu," akasema. Alisema kama anavyozungumza na wazamiaji wenzake, mtu anayeijua kazi yake. "Hao ni wa mawe, tena wa kina kirefu. Pale hawana pa kujificha. Hawakumaliza hata usiku ule."

"Na watoto wao?"

"Waliliwa."

Nikasema sawa. Akaomba nimgeuze upande wa pili, nikamgeuza.