Sweta la Yatakwisha

Harufu ya sufu iliyolowa hunirudisha shambani kwa Bibi, kule Gwarama. Juzi mvua ilininyeshea nikichagua mitumba hapa sokoni Kasulu. Nikainua sweta dogo la njano, na kabla sijauliza bei nikawa nimemkumbuka mbwa wetu, Yatakwisha. Jina hilo Bibi alimpa makusudi, ili kila akimwita, jirani tuliyegombania naye mpaka wa shamba asikie.

Mwaka ule Shangazi Yustina alirudi nyumbani. Alikuwa amemzika mwanawe wa pekee, kisha ndoa nayo ikavunjika, na mapenzi yote aliyobaki nayo akayamimina kwa mbwa. Alimwogesha kwa sabuni ya kunukia. Alimnywesha chai ya maziwa, sisi tukinywa ya rangi. Baridi ya Juni ilipoingia akamfumia sweta, tena lenye mikono miwili kamili, na yule mbwa akawa anatembea nalo kijijini kichwa kimeinama, kama bwana harusi aliyeazima suti.

"Imbwa ni imbwa," Bibi alinung'unika.

"Umleavyo ndivyo akuavyo, Mama."

"Basi mlee awe mbwa. Nyani hawaogopi sabuni."

Mahindi yalikuwa yamekauka, bado kuvunwa, na ndiyo yangetulisha hadi msimu mwingine. Asubuhi moja tukiwa watatu juu ya dungu, tukilinda, nyani walishuka kutoka mlimani. Yatakwisha aliwakimbilia akibweka, sweta limelowa umande na kulegea tumboni. Dume moja likageuka, likalikamata sweta mgongoni na kumnyanyua, miguu ya mbele ikawa inapapasa hewa. Alijipinda huku na huku, asiweze kung'ata chochote. Mlio wake ninao masikioni hadi leo.

Bibi alishuka na panga mbio, magoti yake mabovu ameyasahau kule juu, na dume likamwachia mbwa. Sikio moja lilikuwa limechanika. Bibi akachomoa kisu cha kumenyea mihogo.

"Mama, usilikate sweta," Shangazi alimsihi huku analia. "Nitalibana."

"Mungu alimpa ngozi inayoteleza. Akishikwa, anageuka humo humo, anang'ata. Wewe umemtia mpini."

Akalikata kuanzia shingoni hadi mkiani. Niwaambieni kweli, niliona ni ukatili, nikamnunia siku nzima.

Kesho yake Shangazi alitutangulia shambani. Alibeba ugali wa muhogo uliolala, akauweka chini juu ya jani, akarudi nyuma. Hakumwita "mwanangu" kama siku zote, wala hakumgusa. Nyani waliporudi, Yatakwisha akazama kwenye mabua na ngozi yake tupu, na Shangazi akabaki juu ya dungu, viganja amevikalia, macho hayabanduki pale mabua yalipokuwa yakitikisika. Alikaa hivyo kila siku, mpaka mahindi yote yakaingia nyumbani.

Mimi nilidhani anasikia baridi.

Sweta la njano nililirudisha kwenye rundo. Sasa nina binti anayekwenda shule kwa baiskeli, kwenye barabara ya malori. Kila asubuhi akinipa mgongo, mimi huketi kibarazani, viganja nimevikalia, mpaka apotee kwenye kona.