Makofi ya Mbololo

Nakumbuka Jumamosi moja ya miaka ya hamsini, mwanangu, nilipoandika habari za mkutano ambao haukufanyika. Cheka tu. Siku hizi hata mimi nacheka.

Nilikuwa kijana, mwandishi wa siasa wa gazeti moja la Mombasa, nikikaa Voi. Habari zangu zilipelekwa kwa gari la moshi. Siku hiyo mgombea wa Baraza la Kutunga Sheria alitarajiwa kuhutubia Mbololo alasiri, na gari lingeondoka kabla hajamaliza. Nikajiona mjanja, nikaandika mapema. Nikamtungia hotuba, nikaandika kwamba watu walimpigia makofi na kuridhika kabisa. Bahasha ikaondoka, nami nikaenda zangu kunywa chai.

Kumbe motokaa ya mgombea ilikwama kwenye mchanga wa mto, hakufika. Watu walimngoja mpaka jua likazama, maana walikuwa na swali moja: mashamba yao yaliyochukuliwa kupandwa mkonge yatarudi lini?

Gazeti lilipotoka, Mzee Mwakio wa Mbololo, ambaye kila wiki alinialika niwasomee watu sokoni, aliniita kama kawaida.

"Soma, mwanangu. Paza sauti."

Nilipofika kwenye makofi, soko zima likaangua kicheko. Mama mmoja muuza ndizi akanipigia makofi, akauliza, "Yalikuwa hivi?" Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee hakucheka. "Yule bwana akisoma kwamba tumeridhika, atakuja kufanya nini?"

Hapo ndipo nilipoona aibu yenyewe. Nikaandika barua kwa mhariri palepale, juu ya gunia la maharagwe, nikakiri uongo wangu na kulitaja lile swali. Nilijua huenda nimejifukuza kazi. Mhariri alinitukana kurasa mbili, kisha akaichapa barua yangu.

Mgombea alikuja, safari hii akivuka mto kwa miguu, suruali ameikunja magotini. Neno lake la kwanza: "Nani mwenye lile swali?" Jibu lake halikuwaridhisha wote, nami nikaandika hivyohivyo.

Basi mwanangu, nawe unapoanza kazi hii ya uandishi, kaa na watu hadi mwisho, hata gari likikuacha. Usiwasemee wasiyosema. Ukikosea, kiri upesi, kwa jina lako.

Mungu akupe miguu ya kufika na subira ya kusikiliza. Na siku utakapoitwa kuwasomea watu uliyoandika juu yao, akujalie usome kwa sauti, bila kutetemeka.