Mtu wa Kukanyaga Freni

Kazi ya taa za remorke, tela la kuvutwa na gari, inataka watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani na kukanyaga freni, mwingine anachuchumaa nyuma kuangalia kama taa nyekundu zinawaka. Mimi ninaifanya peke yangu miaka mingi sasa hapa Kasuku, kando ya mto. Nimekata fimbo ya kipimo kamili: ncha moja naiegemeza kwenye kiti, ya pili inabana pedali, halafu nazunguka nyuma kutazama. Wateja wananicheka, wananiambia papa, tafuta mtu. Nawajibu kwamba fimbo haina maneno mengi. Ukweli ni kwamba nina upweke, na bado sitaki mtu mwingine akae pale alipokuwa anakaa mke wangu.

Yeye njo alikuwa anakanyaga. Akileta chakula cha mchana, sombe, amemshika mkono mtoto wetu wa kike, anapanda kwenye gari la watu kama lake. Nikisema kushoto, anawasha kushoto. Nikichelewa kusema, ananiuliza kama nimelala huko nyuma. Umeme hakusoma hata siku moja, lakini mara nyingi alinitangulia kujua waya gani unadanganya.

Wakati wa vita, njia zilikuwa zinafungwa moja moja. Mfanyabiashara mmoja kutoka Kivu ya Kaskazini aliniletea pikapu na remorke. Alitaka kuvuka mto aende Kampene kabla haijawa vigumu zaidi, na alikubali kubeba familia yangu. Remorke ile ilikuwa na freni za umeme: ndani ya magurudumu kuna sumaku, dereva akikanyaga, moto wa betri unafika kwenye sumaku na magurudumu yanashikwa. Sasa zilikuwa hazishiki. Na ukiwasha taa ya kukata kushoto, taa zote za nyuma zinacheza.

Kosa nililijua kabla sijashika chombo. Ni kosa la huku kwetu, na linanikasirisha mpaka leo. Mtu anaona waya wa masi, ule unaorudisha moto kwenye betri, anasema hauna kazi, si chuma kitagusana na chuma pale remorke inapofungwa? Anaukata, anaenda kufungia mizigo. Halafu anachukua grisi na kupaka chuma kilekile! Moto upite wapi? Gari likiingia shimoni, vyuma vinagusana na freni inashika, likitoka, inaachia. Kwenye mteremko wa kivuko hiyo ni kuzikana.

Nikavuta waya mpya kutoka remorke mpaka kwenye betri. Mke wangu akakanyaga, taa zikawaka zote, sumaku zikanguruma, nikainua mkono. Mizigo ilikuwa imeshafungwa. Mke wangu akampisha yule mfanyabiashara usukani, akaingia upande wa pili na mtoto, na kwenye kiti cha nyuma yao palibaki nafasi ya mtu mmoja.

“Baba ya mutoto, panda,” akaniambia. “Freni iko sawa.”

Nilimwambia watangulie. Nilikuwa na betri mbili nzuri na sanduku la vyombo, na nilijua kwamba nikiupa mlango wa karakana mgongo tu, watu watapora. Nikasema nitafuata na gari la juma lijalo. Alinitazama kidogo, akafunga mlango. Hakuwa mtu wa kubembeleza.

Gari la juma lijalo halikuwako. Betri zenyewe zilichukuliwa na watu wa bunduki kabla ya mwezi kwisha, na sanduku wakalibeba pia. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi nimezeeka naye nyumba moja.

Njia zilipofunguka nikasikia mke wangu ameolewa huko na mchimbaji wa dhahabu. Sikumlaumu. Mtoto njo nilimtaka. Mara mbili nilifunga safari ya kwenda kumwona, mara mbili nikaishia kivukoni, kwa sababu niliogopa swali moja: kwa nini ulibaki? Mtoto akishajua jibu, niliwaza, sitakuwa na mtoto tena.

Mwaka huu alikuja mwenyewe, mwanamke mzima, mfanyabiashara wa mchele, na pikapu yake inavuta remorke isiyowaka taa hata moja. Alijitambulisha polepole. Akasema mama yake alifariki mvua zilizopita. Nikachukua fimbo yangu. Akanipokonya, akaiweka chini, akapanda na kukanyaga.

Nilichuchumaa nyuma, na afadhali, kwa sababu nilikuwa ninalia. Akaanza kunisimulia kupitia dirishani. Kumbe mama yake alimwambia miaka yote kwamba siku ile gari lilijaa, kwamba papa yako alikosa nafasi, usimwekee kinyongo. Akiwa kwa mume mwingine, bado alinisitiri. Wallahi nilitaka kunyamaza. Ningempata mtoto wangu hivyo hivyo, bila swali, na kuanzia siku ile ningekuwa na mtu.

Nikasimama, nikaenda mpaka mlangoni kwake.

“Mama yako alinifichia,” nikasema. “Nafasi ilikuwako.”

Alikuwa anatazama mbele, mguu bado uko kwenye pedali.

“Najua, baba. Nililala kwenye nafasi yako mpaka Kampene.”